Mrejesho: Ukuta uliokuwa ukibanduka plasta, Mikindani

Ndugu zangu, kabla ya masika niliuliza kwa nini plasta ya saruji katika chumba cha uani cha nyumba ya marehemu babu yangu, hapa Mikindani, hubanduka kila mwaka na kuacha unga mweupe wenye chumvi, nanyi mkanishauri niibandue yote na kurudishia chokaa, kwa kuwa ukuta wa mawe ya matumbawe hupitisha unyevu ambao saruji huuzuia usitoke.

Nimefanya hivyo, kwa Jumamosi 4 badala ya 2 nilizokadiria. Kubandua kulikuwa kazi nyepesi. Kilichonichosha ni mchanga, maana ule wa ufukweni, ulio karibu na wa bure, una chumvi ileile tunayoikimbia, hivyo nilinunua wa mtoni. Nilichanganya ndoo 1 ya chokaa iliyolowekwa wiki 2 na ndoo 3 za mchanga, nikalowesha ukuta na kupiga matabaka mawili membamba, nikiyafunika kwa magunia yaliyoloweshwa ili upepo wa bahari usiyakaushe haraka. Siku moja niliona uvivu kufunika. Nyufa zilitokea asubuhi yake, nikalazimika kurudia upande mzima.

Mvua zimepita na ukuta bado ni mzima, ingawa karibu na sakafu pana doa la unyevu lenye upana wa kiganja. Fundi jirani anadai kuwa ni maji ya bafuni, nami nadhani yuko sahihi, kwa hiyo wiki ijayo nitachimba mfereji wa kuyaelekeza mbali. Rangi ya plastiki sitaipaka, chokaa inatosha.