Ripoti ina picha za simu, PDF inagoma kwenda kwa barua pepe

NyarAhero (Kisumu):
Habari zenu. Naandaa ripoti ya kikundi chetu cha wafugaji wa ngege (samaki aina ya tilapia) kwa LibreOffice Writer. Ina picha 12 za simu, pamoja na mchoro wa mabwawa nilioskani. PDF inatoka megabaiti 48 na barua pepe inaikataa. Kijana wa saiba alinishauri nichague kubana bila kupoteza na niondoe alama ya kupunguza pikseli, eti picha zibaki safi. Nimezivuta pembe zikawa ndogo ukurasani, lakini uzito ni ule ule. Mchoro usiharibike tafadhali. Mzee wetu alipima kila bwawa kwa kamba, na vipimo aliviandika kwa mkono.

MpigaChapa (Nakuru):
Dada, kuvuta pembe hakupunguzi kitu. Picha bado imo na pikseli zake zote, yaani vile vidoti vya rangi vinavyoiunda, umebadilisha tu nafasi inayochukua ukurasani. Simu nyingi hutoa picha ya pikseli 4000 kwa 3000. Ukiiweka kwa upana wa sentimita 8, kwa nukta 150 kwa inchi inahitaji pikseli kama 470 upande huo. Zote zingine ni mzigo unaomlia mtu bando.

Kwenye dirisha la kutolea PDF, sehemu ya picha, chagua JPEG, ubanaji unaotupa sehemu ya picha ili uzito upungue, ubora 80 (yenyewe huja na 90). Rudisha ile alama ya kupunguza, uweke 150. Na usilenge megabaiti 25 kamili, ambayo ndiyo mwisho wa Gmail: kiambatisho huvimba kama theluthi moja kikisafirishwa.

Mwalimu_Kakamega:
Ndugu MpigaChapa, hesabu yako ni sawa, ila mpangilio huo unashika picha zote, hata mchoro. JPEG huacha ukungu kando ya mistari ya kalamu, na kwa nukta 150 namba ndogo ya mzee, 6 au 8, huenda isitambulike. Vipimo hivyo ndivyo roho ya ripoti!

NyarAhero, punguza picha za simu kabla hujaziingiza. Zifungue kwa GIMP, programu ya kuhariri picha, upana uwe pikseli 1000, hifadhi nakala kwa JPEG, ubora 80. Picha asili usiziguse, pikseli zikishatupwa hazirudi. Mchoro skani kwa nukta 300, weusi na weupe tu, uhifadhi PNG. Karatasi yenye weupe mwingi hubanwa vizuri sana bila kupoteza hata mstari. Baada ya hapo, mpangilio wa yule kijana utakufaa kama ulivyo. Sidhani utavuka megabaiti 5.

NyarAhero:
Asante sana mwalimu. Na wakitaka kuichapisha?

MpigaChapa:
Hapo mwalimu amenishinda, fuata njia yake. Pikseli 1000 kwenye sentimita 8 ni zaidi ya nukta 300 kwa inchi. Inatosha hata kwa karatasi ya kung'aa.