Mjadala: Tuwekewe fizikia kwenye mchezo wetu wa kompyuta wa kujenga kwa matofali, au tuuache ulivyo?

MwashiMkuu: Wakuu, watengenezaji wametuuliza kama tunataka fizikia kwenye seva za pamoja (kompyuta zinazotuunganisha wachezaji): tofali lisiloshikwa na kitu lianguke, bawaba izunguke, gurudumu libiringike. Naunga mkono asilimia mia. Nimechoka kuingia seva na kukuta kasri zima liko angani, nguzo hakuna hata moja. Huo ni uvivu wa kujenga.

PembeTatu: Uvivu? Kisiwa changu kinachoelea kimenichukua wiki sita. Chini yake nimening'iniza mizizi tofali kwa tofali, yale ya kinundu kimoja, na kila baada ya manne nimepunguza rangi ili mzizi uonekane unakauka kuelekea nchani. Hesabu kwanza ndipo uniite mvivu.

Bawaba: Mimi naomba daraja la kuinua tu. Linaloinuka kweli.

MlinziWaSeva: Tuongee hesabu. Tofali lililotulia hutumwa kwa mchezaji mara moja, basi. Linaloanguka linahitaji namba tatu za mahali lilipo na nne za jinsi lilivyoinama. Kila namba ni baiti 4 (baiti ni kipimo cha data), jumla 28. Matofali 1,000 yakiporomoka, ukituma mara 20 kwa sekunde, ni baiti 560,000 kila sekunde kwa mchezaji mmoja. Wakiwa 40, zinapita milioni 22. Mbinu za kubana zipo, ila mzigo ndio huo, na hapo bado hujakokotoa yanavyogongana.

MwashiMkuu: Mkuu, mbona Roblox, jukwaa la michezo ya mtandaoni, ina fizikia tangu ilipofunguliwa 2006? David Baszucki, mmoja wa walioianzisha, alikuwa ameshatengeneza Interactive Physics mwaka 1989, programu ya kufundishia fizikia. Inawezekana, tuache woga.

MlinziWaSeva: Usiniite mwoga. Roblox hugawa kazi: kifaa cha mchezaji aliye karibu na kipande ndicho hukikokotoa. Seva inapumua, lakini tapeli mwenye programu yake anapata mwanya wa kurusha vipande hovyo. Na majengo mengi kule yamefungwa yasisogee kabisa. Hilo hukulisema.

PembeTatu: Bado nasubiri uombe radhi kwa lile neno. Kwenye Minecraft, mchezo mwingine wa kujenga, ukikata shina la mti, magogo ya juu yanabaki hewani. Mchanga na changarawe huanguka, mawe hayaanguki. Wanaojenga kule nao ni wavivu?

MwashiMkuu: Sikukutaja jina, dada. Nimesema kasri.

PembeTatu: Umesema uvivu wa kujenga, na mimi najenga vinavyoelea. Ulimlenga nani?

Kifusi: Nyie mnagombana, wahuni wanawasubiri. Leo mhuni aking'oa tofali lako moja, unarudisha moja. Kwenye seva ya majaribio niling'oa moja tu chini ya mnara wangu mwenyewe. Haukuanguka papo hapo. Ulianza kutetemeka, tofali la pembeni likachomoka, kisha orofa zote zikakaliana na picha ikaganda hadi vumbi lilipotulia. Nilikuwa peke yangu mle ndani. Fikiria seva imejaa watu.

MwashiMkuu: Basi anayeng'oa awe na ruhusa ya mwenye jengo. Kwisha.

Kifusi: Jengo la watu tisa mwenyewe nani? Seva yetu tumejenga bandari pamoja, nguzo zangu zimebeba ghala la mwingine. Nikibomoa changu, chake kinakwenda nacho.

MlinziWaSeva: Hapo ndipo penyewe. Afadhali jengo lisianguke mpaka mwenye seva afungue eneo.

PembeTatu: Mwashi, ingia kwetu usiku huu uishike ile mizizi kwa mkono wako. Ukiona uvivu, uniambie hapahapa mbele ya watu.

MwashiMkuu: Naja. Kama ni kazi ya mkono nitasema wazi na neno nitalifuta. Ila nguzo bado naitaka.

Bawaba: Tangu nimeandika hakuna aliyenijibu. Bawaba na gurudumu ni vipande vichache vinavyosogea, jengo halivunjiki. Naomba kura zitenganishwe: vinavyozunguka kura yake, majengo kuanguka kura yake. Mkizifunga pamoja, daraja langu litakufa kwa ugomvi wa kisiwa.