Tumbo la brathe limekuwa gumu kama ubao, kemisti anasema ni taifodi tu

Mtu wa Kondele:
Wasee naombeni msaada haraka. Mdogo wangu wa miaka 19 amekuwa na homa kama wiki mbili na nusu hivi, kemisti akampima widal akasema taifodi, akapewa vidonge, aliposkia nafuu akaacha kumeza. Jana usiku ameamka analia tumbo, anatapika kijani, saa hii tumbo ni gumu hata shuka ikimgusa anapiga nduru. Mama anataka tumpe chumvi ya kuharisha eti tumbo lifunguke. Mi naogopa.

Baba Akinyi:
Msimpe hiyo chumvi!! Wala chai, wala uji. Bebeni na tuktuk SASA mpaka Russia, ile hospitali ya Jaramogi hapa Kisumu, msingoje kukuche. Taifodi hutoboa utumbo mdogo karibu na mwisho wake, mara nyingi wiki ya pili ama ya tatu, hesabu mwenyewe. Maumivu ya apendiksi (kidole tumbo) nayo huanza kitovuni yakashuka chini kulia, lakini ikishapasuka yote ni moja, uchafu umemwagika ndani na hiyo ni kisu, yaani upasuaji.

CO (afisa wa kliniki) wa zamu:
Sahihi. Na widal moja msiiamini sana jamani, huku watu wengi inatoka pozitivu na hawana taifodi, cha maana ni kuotesha damu maabara waone kama mdudu wa taifodi anamea. Mkifika watampiga eksirei ya KIFUA akiwa wima, msishangae, wanatafuta hewa iliyotoroka utumbo ikapanda juu. Ikikosa kuonekana pia bado anaweza kuwa ametoboka, ndio maana mkono wa daktari kwa tumbo una maana kuliko picha. Watamwekea dripu, mpira wa puani na wa mkojo, antibiotiki za seftriaksoni na metronidazo kwa mshipa bila kungoja majibu ya maabara. Halafu thieta: washone tundu ama wakate kipande, waoshe tumbo kwa lita kadhaa za maji ya chumvi. Dawa pekee haizibi tundu.

Shiro Naks:
Pole sana. Kwa wale wanasoma na ni msichana anaumwa hivyo, apimwe mimba kwanza, shem yangu hapa Nakuru tulidhani ni apendiksi kumbe mimba ilikuwa kwa mrija wa uzazi na imepasuka

Mtu wa Kondele:
Apdeti: hewa imeonekana, amesaini, anaingia thieta. Wanataka mtu wa kutoa damu, wacha nishuke maabara.