Gumzo la familia, Bukavu: maji ya kijiko

Mama Neema: Habari za jioni, wapendwa. Leo nimerudi kutoka soko la Kadutu nikamkuta mtoto, ambaye hajatimiza hata miezi 3, akinyweshwa maji ya sukari. Mama, sikukasirika, ila kliniki waliniambia asipewe kitu kingine isipokuwa ziwa la mama hadi miezi 6.

Koko (bibi wa mtoto): Binti yangu, mtoto alilia tangu adhuhuri, midomo imemkauka. Nilinyonyesha watoto saba, wote nikawapa maji mapema, nao ndio hawa wanaosoma ujumbe huu. Ningemwacha alie?

Shangazi Riziki: Wifi yangu, nimekuwa mkunga miaka mingi, naomba unisikilize. Maziwa ya mama ni maji kwa takriban asilimia 88, kwa hiyo hata siku ya jua kali yanamtosha. Maji ya kijiko hujaza tumbo lake dogo, akanyonya kidogo, na ziwa lisiponyonywa hupunguza maziwa. Hapo mama huanza kusema kwamba hayatoshi, na uji hufuata. Tena hayo ni maji ya bidoni, yaani ya dumu, na sote twajua kipindupindu kinavyozunguka Kivu.

Baba Neema: Nimeelewa, Shangazi, lakini mke wangu akikaa nyumbani miezi 6, kodi ya nyumba italipwa na nini? Sheria ya kazi hapa Kongo humpa mwajiriwa likizo ya uzazi ya wiki 14, na mapumziko mawili ya nusu saa kila siku ili anyonyeshe. Lakini beseni la sambaza, vile visamaki anavyouza sokoni, halina likizo.

Dada Furaha: Hata sisi walimu, Kaka, wiki hizo huisha kabla ya miezi 6, na nusu saa huniishia njiani.

Shangazi Riziki: Basi akamue maziwa alfajiri, baada ya kunawa mikono, katika kikombe safi chenye kifuniko. Bila friji hukaa kwa muda usiozidi saa nne tangu kukamuliwa, mahali penye kivuli.

Koko: Mbona hayo yote mlimwambia mama mtoto peke yake, wakati anayeshinda na mtoto ni mimi? Siku ya kupima uzito nami nitakwenda.

Mama Neema: Twende pamoja, Mama. Kikombe cha bluu kina ufa, nitanunua kingine.

Koko: Nunua. Yakimwishia kabla hujarudi, nitambeba mgongoni hadi sokoni. Jirani akushikie beseni wakati unamnyonyesha.