Gari la minyororo la wakati wa vita limeoza kwa kutu, nianzie wapi?

GetiNaGrili, Ruai

Wadau, nishaurini kabla sijakata kitu. Mimi ni fundi wa mageti na grili, karakana yangu iko hapa Ruai nyuma ya nyumba. Juzi dalali wa vyuma chakavu alikuwa anapitisha lori kutoka shamba moja upande wa Gilgil, akaniuliza kama nina gesi ya kutosha nimkatie "tingatinga" vipande vipande. Kufunua turubai, naona si tingatinga. Nikamlipa kwa kilo, bei yake kamili, na pesa ya winchi juu. Mama watoto hataki hata kulisikia.

Ni boksi la chuma lililo wazi juu, urefu unazidi kidogo mita tatu na nusu. Kila upande lina magurudumu matatu: mawili yameshikana, moja liko peke yake. Usukani wa mviringo upo, kulia. Injini imekaa katikati kuelekea nyuma, ya silinda nane, vifuniko vyake bapa na plagi zimesimama juu yake. Mwili wote ni ribiti.

Sasa hali. Mnyororo wa kushoto uko wote, wa kulia umebaki nusu. Pini zimeganda kabisa, ukipiga nyundo kubwa unapata mlio tu. Sakafu upande wa dereva imekwisha, nimetoa udongo na mizizi ya nyasi karai kadhaa mpaka nikaona ardhi. Kuta za nje zinabanduka kutu vipande vinene kama kidole. Nyuma mtu alichomelea ndoano ya kuvutia, na ukuta wa nyuma kulia ulikatwa kwa gesi, tundu la kupitisha mtu.

Jirani anasema nilipeleke lote likapigwe mchanga kwa mashine ya hewa, kung'oa kutu, ndipo nianze. Je, ni sawa? Na hizo kuta nikichomelea na rodi zangu za kawaida za mageti zitashika? Injini nayo ina matumaini? Sitafuti maonyesho. Nataka litoke karakana kwa nguvu zake mpaka getini, lirudi.

Mzee_wa_Grogan

Kijana wangu, pole ya nyumbani na hongera kwa kuliokoa. Weka grainda chini kwanza.

Magurudumu matatu kila upande, usukani wa mviringo, dereva kulia, V8 ya Ford katikati: hilo ni Universal Carrier. Wengi waliliita Bren Carrier kwa ajili ya bunduki ya Bren iliyokaa mbele kushoto. Yalitengenezwa kati ya 1934 na 1960, Uingereza kwanza, halafu Kanada, Australia na New Zealand, na jumla yake ilipita 110,000. Hakuna gari la deraya, yaani la bamba za kuzuia risasi, lililotengenezwa kwa wingi kuliko hilo. Lingekuwa na magurudumu manne kila upande na viwiko vya mkono badala ya usukani, ningekuambia ni lile la Marekani, T16.

Watakuja watu kukuambia lilipigana Uhabeshi 1941. Wasikilize kwa adabu, halafu utafute namba. Ubavuni ilipakwa herufi T na tarakimu baada yake, na ndani huwa kuna kibamba cha mtengenezaji. Rangi zimelaliana hapo, kwa hiyo kwangua kwa msasa wa maji na mkono wako mwenyewe. Diski ya grainda itaifuta namba na hutaiona tena. Hiyo ndoano ya nyuma isikusumbue, vita vilipokwisha mali ya jeshi iliuzwa na wakulima wakaifanyia watakalo. Kule Kongwa, Tanganyika, kwenye mpango wa karanga wa Waingereza ulioachwa 1951, hata vifaru vya Sherman viligeuzwa trekta, vikaitwa Shervick.

Kuhusu kutu. Kutu hujaa nafasi mara kadhaa kuliko chuma kilichoizaa, ndiyo maana vipande vinene kama kidole vinatisha kuliko hasara yenyewe. Bahati yako ni huyo aliyekata kwa gesi. Safisha ukingo wa lile tundu upime kwa kalipa. Bamba za deraya za gari hili zilikuwa kati ya milimita 7 na 10. Ukipata sita safi pale palipokuwa na saba, huna shida ya ukuta. Una shida ya sakafu, na sakafu ni kazi ya mtu wa mageti.

Jirani yako simfuati. Likipigwa mchanga lote leo, utakuwa na tani karibu nne za chuma kitupu kinachongoja mvua. Aprili ya Ruai utalala, uamke kila kitu ni rangi ya chungwa. Na mchanga wa mto unaouzwa hapa una silika, vumbi lake linaua mapafu. Wanaofanya kazi hiyo vizuri hutumia garneti au mabaki ya tanuri, na hewa ya kupumua inaletwa kwa bomba ndani ya kofia. Peleka sehemu unayoweza kupaka rangi ya msingi siku hiyohiyo. Nyingine ibaki na kutu yake, imengoja miaka mingi, haitashindwa na mwaka mmoja.

Ukitaka kulijua gari lenyewe, lala chini uangalie usukani. Magari mengi ya minyororo hukata kona kwa kufunga breki upande mmoja. Hili lina njia mbili. Ukizungusha kidogo, bomba nene linalopita ubavu hadi ubavu linasogea kushoto au kulia pamoja na yale magurudumu mawili yaliyoshikana, mnyororo unapinda kama upinde, na gari linafuata mpindo huo taratibu bila breki. Ukizungusha zaidi ndipo breki ya upande mmoja inashika. Bomba hilo likiganda kwa kutu, umebaki na kona za breki peke yake, na breki zitaungua. Mimi ningeanzia hapo kabla ya injini, kabla ya sakafu. Safisha pande zote mbili panapoingia ukutani, loweka kwa mafuta mchanganyiko, nusu asetoni nusu mafuta ya giaboksi ya otomatiki, rudia kila jioni. Halafu sukuma kwa jeki ya chupa kutoka upande mmoja, na ubao katikati. Lisiposogea, ongeza mafuta, usiongeze jeki.

Pini za mnyororo ni hadithi hiyohiyo, ila hapo moto unasaidia. Pasha kiungo, usipashe pini, kiungo kitanuke kwanza. Nyundo kubwa inavimbisha kichwa cha pini na kukifunga zaidi. Tengeneza kibano cha skrubu cha kuisukuma, wewe ni fundi chuma.

Mama_Maziwa, Kikuyu

Shikamoo Mzee. Kaka GetiNaGrili, mimi nafuga ng'ombe na natengeneza mashine za zamani za kukata nyasi, nikuongezee dawa mbili ambazo huna haja ya kuagiza ng'ambo.

Ya kwanza ni molasi, ileile ya agroveti. Sehemu moja kwa sehemu tisa za maji, tumbukiza vifaa vidogo, funika, sahau wiki mbili hadi nne. Inang'oa kutu na kuacha chuma. Usitie kitu cha alumini wala zinki humo, kitaliwa. Nzi watakuja, harufu itakuja, weka pipa mbali na jikoni kama unataka kusamehewa. Ukitoa kifaa, suuza na ukipake mafuta papo hapo, kwa sababu kinashika kutu mpya ukikitazama.

Ya pili ni magadi ya kufulia, yaani soda ya Magadi, na chaja ya betri ya volti 12. Kijiko kimoja cha chakula kwa lita nne za maji. Waya hasi kwenye kifaa chenye kutu, waya chanya kwenye kipande cha chuma chakavu. Ukibadilisha, unakula kifaa chako mwenyewe. Kipande hicho kisiwe cha stenlesi hata kama ndicho kinachong'aa karakanani, kinatoa kromiamu yenye sumu ndani ya maji. Fanya nje, kwa sababu povu lile ni hidrojeni na cheche moja inalipua. Springi usiziweke kwenye umeme, hidrojeni inaingia ndani ya chuma kigumu na baadaye springi inakatika bila kutoa dalili.

Rodi_na_Moto, Lunga Lunga

Swali la kuchomelea limerukwa. Boss, rodi za mageti kwenye bamba la deraya zitashika leo, kesho utaona ufa mwembamba kandokando ya mshono. Bamba lile lilikazwa kwa moto, ukilichoma na likapoa haraka linakuwa gumu na kuvunjika pembeni. Wanaolijua hutumia rodi za stenlesi namba 309, zilizokaushwa, wanapasha bamba kwanza kwa gesi, halafu wanachomelea vipande vifupi kwa kuruka, wakiacha lipoe polepole. Lile tundu nyuma mimi ningeliziba kwa bamba la kawaida na bolti zenye vichwa vya mviringo vinavyofanana na ribiti. Haliendi vitani. Sakafu choma na rodi zozote unazopenda.

Kanyaga_Twende

Mzee uza hiyo kitu kwa kilo, nunua pikapu. Nimemaliza.

Mzee_wa_Grogan

Kanyaga, pikapu ziko nyingi.

GetiNaGrili, kuna jambo ningelitaja mwanzoni. Ulipokuwa unatoa ule udongo, uliangalia ndani yake? Ukikuta risasi au kitu cha duara chenye pini, usikiguse, usikisafishe, usikipige picha kwa karibu. Toa watoto, piga 999. Na vaa barakoa yenye kichujio cha vumbi, si kile kitambaa. Rangi ya wakati ule ilikuwa na madini ya risasi, na breki na klachi vilikuwa na asbesto. Saa za dashibodi zilizokuwa zinang'aa gizani zilipakwa radiamu. Mng'ao umeshakufa, mnururisho bado upo, nusu yake huisha baada ya miaka 1,600. Usizifungue.

Karatasi pia. Pata barua ya mwenye shamba na risiti ya dalali mwenye leseni, sheria ya vyuma chakavu ya 2015 si mchezo. Ndani ya gari kukiwa na kipande chochote cha bunduki, hata kilichooza, hiyo ni sheria ya silaha, Sura 114, na kituo cha polisi ndicho cha kwanza kujua, si sisi hapa.

GetiNaGrili, Ruai

Asanteni sana. Udongo niliupepeta wote kwenye chekeche ya kokoto. Nimepata spana moja, kifuniko cha tangi, na fupa la mnyama. Risasi hakuna.

Ukingo wa tundu umesoma milimita 6.4, nimepima mara tatu mahali tofauti. Na chini ya rangi ya kijani, juu ya rangi ya mchanga, imetokea T na tarakimu mbili za kwanza, nyingine bado naziendea kwa msasa.

Mzee, bomba la usukani upande wa kulia linaonyesha mstari mweupe wa chuma kipya kama upana wa ukucha. Limesogea! Kushoto bado.

Injini nimetoa plagi. Silinda sita ni kavu na nyekundu, mbili zina maji meusi. Krankshafti, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, haigeuki. Niweke spana ndefu?

Mzee_wa_Grogan

Usiweke. Mstari mweupe huo endelea nao, kushoto kutafuata.

Ford hiyo ya vali za pembeni ni rahisi kuisoma kwa sababu vali ziko ndani ya bloku, si kwenye vifuniko. Toa vifuniko viwili vya juu na utaona kila kitu. Stadi, zile bolti zinazoshikilia vifuniko, zitakusumbua, zinaganda ndani ya kifuniko. Mafuta, joto, na kuzirudisha nyuma robo mzunguko ndivyo zinavyotoka. Zile silinda zenye maji nyonya yote, jaza mafuta mchanganyiko, acha. Kisha kipande cha mti mgumu chenye upana wa pistoni, na nyundo ya wastani, pistoni iliyo juu ndiyo unaigonga ishuke. Ile iliyo chini kabisa haina pa kwenda, ukiigonga unapasua kitu.

Vifuniko vikitoka, osha bloku uangalie kati ya vali na silinda kwa taa ya pembeni. Injini hizi zina ugonjwa wa kupasuka hapo. Ufa mdogo unashonwa, ufa unaoingia kwenye silinda unataka bloku nyingine. Usinunue hata gasketi kabla ya kuona hapo.

Ikiwaka, usitegemee farasi 85 za kitabuni. Nairobi iko karibu mita 1,800, hewa ni nyembamba, karibu moja ya tano ya nguvu inapotea na karabureta itakuwa inamimina petroli kupita kiasi. Utahitaji jeti ndogo zaidi, yaani vile vitundu vya kupitisha petroli kwenye karabureta. Kwa safari ya karakana hadi getini zinatosha.

Pilot_Thika

Samahani kwa kuingilia. Nina gari la zamani, Ford Pilot ya marehemu baba, injini yake ni hiyohiyo lita 3.6 na bloku yangu ina ule ufa anaousema Mzee. Ukiamua kuweka injini ya kisasa, nakuja na lori leo hii.

GetiNaGrili, Ruai

Siuzi. Lakini kama una pampu ya maji ya ziada, hizi mbili zangu zimeoza.

Pilot_Thika

Ninayo moja. Niletee zako zilizooza nione kama maganda yake yanafaa, tubadilishane.