Naombeni ushauri: nibadilishe mfumo wa simu yangu au niiache ilivyo?

DagaaKirumba

Mwangaluka wakuu. Nauza dagaa hapa Mwaloni, Kirumba. Natumia Redmi Note 8, niliinunua mkononi mwa mtu pale Makoroboi, huu mwaka wa tatu. Siku hizi inanitesa. Nikifungua WhatsApp kioo kinaganda, mteja akipiga jina linatokea mlio ukiwa umeshakatika. Matangazo yanaruka hadi nikifungua mafaili yangu mwenyewe, na masasisho hayaji tena.

Kuna fundi kaniambia kwa 30,000 ataniwekea romu nyingine, yaani mfumo mwingine wa simu, unaitwa LineageOS, simu iwe nyepesi kama mpya. Faili analo tayari kwenye kompyuta yake, kanionyesha. Kijana ninayefanya naye kazi anasema niruti kabisa.

Hofu yangu ni kwamba hii simu ndiyo ofisi. Humo mna wateja wa Tabora, Dodoma mpaka Kongo, picha za risiti za mizigo, M-Pesa na programu ya benki. Wiki ijayo mbalamwezi inaingia, mitumbwi haitoki, kwa hiyo siku za kuhangaika nayo ninazo. Nifanye au niache? Natanguliza shukrani.

NyegeziStendi

Dada fanya. Mimi Redmi Note 7 yangu ina LineageOS, mwaka wa pili sasa. Matangazo hakuna, chaji inakaa, kila kitu chepesi. Sijajuta hata siku moja.

FundiBuzuruga

Dada, kabla hujampa mtu hiyo simu, elewa kwamba hapo kuna mambo matatu na watu wanayachanganya. Kuna kufungua butiloda, yaani kuondoa kufuli linalozuia simu kuwaka na mfumo usio wa kampuni. Kuna kubadili romu, yaani mfumo wenyewe. Halafu kuna kuruti, kujipa mamlaka ya juu kabisa ndani ya mfumo. Unaweza kuweka LineageOS bila kuruti, na kwa kazi yako kuruti hakuna faida yoyote. Programu yoyote mbaya ikipewa hayo mamlaka inasoma kila kitu. Huyo kijana mwambie aache.

LineageOS si kitu cha kubahatisha. Ilianza Desemba 2016 baada ya CyanogenMod, mradi ulioitangulia, kufungwa, inatengenezwa na watu wanaojitolea dunia nzima, na faida yake kubwa ni kurudisha masasisho ya usalama kwenye simu ambazo kampuni imezitupa. Hapo NyegeziStendi yuko sahihi.

Ila gharama zake uzijue. Butiloda ikifunguliwa, simu inafutwa yote: namba, picha, risiti, kila kilichomo ndani. Kwa Xiaomi, kampuni inayotengeneza Redmi, lazima uunganishe akaunti yao ya Mi kisha usubiri, mara nyingi saa 168, yaani siku 7 kamili. Fundi akikuambia anamaliza leo leo, muulize anapitia njia gani. Kamera nayo inashuka kidogo, maana programu ya kamera ya kampuni inaondoka. Google Play haiji nayo, inawekwa kwa kifurushi cha pembeni kabla simu haijawaka mara ya kwanza. Na kufuli likishakuwa wazi, mwizi akiiba simu ana kazi ndogo ya kuifuta na kuiuza.

MtuWaUkerewe

Naomba niseme yaliyonikuta, maana bado yananiuma. Nilimpa fundi simu aniwekee romu, jioni akanirudishia inawaka vizuri kabisa, inang'aa. Nikapanda meli kurudi Nansio. Kufika, laini zote mbili zimeandika hakuna huduma. Nikabonyeza *#06#, pale penye IMEI, namba ya utambulisho wa simu, pakaja sifuri tupu. Alipokuwa anafuta alifuta mpaka sehemu inayohifadhi utambulisho wa simu, na bakapu yake hakuchukua.

Nikarudi Mwanza, akataka kuniandikia IMEI ya simu nyingine. Nilikataa. Kubadili IMEI ni kosa la jinai, na wenye kumbukumbu wanajua TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walivyozima simu bandia tarehe 16 Juni 2016. Ile simu mpaka leo mtoto anaangalizia picha tu. Dada, kabla ya yote piga *#06# na uandike zile namba kwenye daftari, na fundi akuonyeshe kwa macho yako bakapu ya hizo sehemu.

DagaaKirumba

Pole sana ndugu yangu wa Ukerewe. Namba nimeandika sasa hivi. Naomba kuuliza hapo kwenye pesa: M-Pesa itagoma?

FundiBuzuruga

Ile ya *150*00# haigomi. Menyu hiyo inapita kwenye mtandao wa laini, haijali simu ina mfumo gani, hata kitochi inafanya. Vivyo hivyo *150*60# ya Airtel Money. Zinazogoma ni programu za kupakua, hasa za benki. Nyingi zinaiuliza Google kama simu ni salama, na butiloda ikiwa wazi jibu linaweza kuwa hapana. Nyingine zinakubali, nyingine zinafunguka wiki hii na kukataa wiki ijayo. Kuna ujanja wa kuzidanganya lakini ni mbio zisizoisha, na mtu mwenye mzigo wa wateja sikushauri uingie huko.

KapripointMwl

Niongeze kwa wenye Samsung watakaopita hapa: ukiingiza mfumo usio rasmi, alama ya Knox, ulinzi wa Samsung, inabadilika kwenye chipu na hairudi tena. Hata ukirudisha mfumo wa kampuni, Secure Folder, ile folda ya siri, haitafanya kazi tena.

IgomaMama

Mdogo wangu, mimi nakuuliza swali la kawaida tu: hiyo simu ina nafasi kiasi gani? Nauza mitumba, niko kwenye magrupu 14, na yangu ilikuwa inaganda hivyohivyo. Nilipoangalia, GB 64 zilikuwa zimebaki na MB 300. Video za watu! Nilihamishia picha za kazi kwenye memori kadi, nikafuta video za magrupu yote, nikazima ile ya kupakua yenyewe. Simu ikapumua siku ileile bila fundi.

FundiBuzuruga

Mama amesema jambo la maana, anza na hilo. Simu ikijaa kabisa lazima igande, hata uweke romu gani. Na matangazo yanapunguzwa bila kugusa butiloda: unachomeka waya kwenye kompyuta, unaziondoa zile programu za kampuni kwa akaunti yako tu kwa amri ya adb, zana ya kuituma simu amri kutoka kwenye kompyuta. Hakuna kinachofutwa kwenye mfumo wenyewe, ukizitaka unazirudisha.

Halafu kuna jambo ambalo nilipaswa kuliuliza mwanzo kabisa. Redmi Note 8 ipi? Ile ya 2019 ina chipu ya Snapdragon 665 na jina lake la ndani ni ginkgo. Note 8T ni willow. Note 8 Pro ni begonia, chipu yake MediaTek. Mwaka 2021 wakatoa nyingine tena, jina nje ni Redmi Note 8 ileile, ndani ni biloba, chipu ya Helio G85. Ukizilaza kifudifudi mezani, ginkgo na biloba hata mimi naweza kuzichanganya. Lakini faili la moja ukilisukumia nyingine, kesho una tofali, simu haiwaki tena. Romu nyingi hukagua jina la simu kabla ya kuingia, ila mafundi wenye haraka wakiona inakataa wanafuta ule mstari wa ukaguzi na kulazimisha. Nenda kwenye mipangilio, fungua kuhusu simu, soma palipoandikwa chipu. Usitegemee boksi, za mtumba zinabadilishwa maboksi.

DagaaKirumba

Wakuu, nimefungua sasa hivi nikiwa hapa juu ya magunia. Imeandikwa Helio G85.

Nimempigia yule fundi nikamwomba anisomee jina la lile faili herufi kwa herufi. Kalisoma. Mwishoni kuna neno ginkgo. Nikamwambia simu yangu siyo hiyo, akasema haina shida, zote ni Note 8, alete tu ataingiza.

Sipeleki. Nafasi nimeangalia, imebaki GB 1, na GB 23 ni WhatsApp peke yake. Leo usiku nahamisha risiti kwenye memori kadi na namba zote kwenye akaunti ya Google, kisha naanza na magrupu ya Kongo, huko ndiko video zilikojaa. FundiBuzuruga, hiyo kazi ya waya ya kuondoa matangazo nikuletee Jumamosi? Nitakaa hapohapo mezani mpaka umalize.

FundiBuzuruga

Njoo saa tatu asubuhi, na uje na waya wako mzima.