Tupeane uzoefu: Utafiti wa uzamili na uzamivu, mtu aanzie kushona au kukata?

Mwanzisha mada

Heshima kwenu wakuu. Uzi huu ni wa ufundi tu. Malalamiko ya wasimamizi yafunguliwe uzi wake, nitakuja kusoma.

Miaka ya 1970 mwanaanthropolojia Jean Lave aliwachunguza wanagenzi wa ushonaji nchini Liberia. Kule mwanagenzi hakabidhiwi mkasi mapema. Anaanza na vifungo na pindo, kazi za mwisho za nguo, kisha anaunganisha vipande. Kukata kitambaa kunakuja baadaye kabisa. Kifungo kikikaa vibaya kinang'olewa, kitambaa kikikatwa vibaya ndiyo basi. Halafu aliyekwisha kushona anajua kwa nini kipande kinakatwa vile kinavyokatwa.

Sisi tunakwenda kinyume. Mtu anaingia uzamili, kazi yake ya kwanza anaambiwa alete pendekezo la utafiti, yaani akate. Sasa katika fani zenu vifungo, yaani kazi za kuanzia, ni vipi? Leteni hatua, idadi, na pale panapoharibika.

Fundi Takwimu

Kifungo namba moja ni kurudia jedwali la mtu mwingine. Tafuta makala ambayo data zake zimewekwa wazi, chukua data ghafi, ujenge upya lile jedwali la kwanza la sifa za washiriki mpaka namba zilingane. Linaonekana jambo la jioni moja. Likila wiki usishangae.

Namba hugoma kwa sababu zilezile. Walioruka swali la umri wamewekewa 99, programu ikawahesabu kama wazee wa miaka 99, wastani ukapaa. Mshiriki mmoja kaingizwa mara mbili. Au makala inasema "waliokosa taarifa waliondolewa" bila kutaja taarifa ipi: aliyekosa kigeu kimoja (kitu kinachopimwa, kama umri au kipato), au aliyekosa chochote kati ya vigeu 12? Hapo mwanafunzi anaona kwamba sentensi moja ya sura ya mbinu inaweza kuficha maamuzi sita, na kwamba ya kwake haitakiwi kuyaficha.

Masharti: data ghafi haziguswi, unafanyia kazi nakala. Kila badiliko liandikwe kama amri kwenye programu ya takwimu, R au Stata, usibofyebofye, maana mbofyo hauachi nyayo. Ukishindwa kulinganisha, andika ukurasa mmoja wa tofauti ulizokuta na unachodhani kimezileta. Msimamizi akusahihishe ukurasa huo.

Karani wa Nyaraka

Kwenye mapitio ya maandiko kifungo ni jedwali la kusomea. Kila makala mstari wake. Safu ziwe swali lao, walichunguza nani, kigeu walikipimaje, walipata nini, udhaifu uko wapi. Ukifika makala 15 anza kuandika, lakini andika kwa kushuka safu, usiandike kwa kufuata mistari. Aya ikianza "Fulani (2015) anasema", inayofuata "Fulani (2017) naye anasema", jua umefuata mistari, na hayo ni orodha ya wageni waalikwa.

Marejeleo yaingie Zotero, programu ya kutunza marejeleo, siku unayoifungua makala. Hakiki jina na mwaka palepale, kwa sababu programu hubeba makosa ya tovuti kama yalivyo.

Fundi Takwimu

Narudi, kuna jambo la sampuli linawaangusha wengi siku ya utetezi: ile 384 inayoonekana kila tasnifu. Inatoka kwenye kanuni ya Cochran ya kukokotoa ukubwa wa sampuli: 1.96 kipeo cha pili, mara 0.5, mara 0.5, gawanya kwa 0.05 kipeo cha pili. Jibu ni 384.16, na kwa kuwa kipande cha mtu hakipatikani, unapandisha iwe 385. Maana yake: unakadiria uwiano mmoja, kwa uhakika wa 95%, kosa lisizidi asilimia 5 juu au chini, na umechagua watu kwa bahati nasibu, mmoja mmoja. Ukivunja sharti mojawapo, namba si yako tena.

Kanuni ya Yamane, nayo ya ukubwa wa sampuli, si ngeni. Ni ileile, 1.96 imekuzwa ikawa 2, halafu ikarekebishwa kwa jamii yenye ukomo, yaani yenye idadi ya watu inayojulikana. Watu 1,000 wanakupa 286. Ukirekebisha Cochran kwa watu haohao unapata 278. Anayeandika kwamba "alilinganisha kanuni mbili" amejilinganisha na kivuli chake.

Makosa mawili hapa. La kwanza ni wasiojibu. Ukitarajia 20% wasirudishe dodoso, usizidishe 385 kwa 1.2, maana unapata 462, na 80% ya hao ni 370 tu. Gawanya kwa 0.8: 482. La pili ni zito zaidi. Ukichagua madarasa halafu ukahoji kila aliyemo, wanafunzi wa darasa moja wanafanana, hivyo kila mmoja anakupa habari pungufu. Kanuni ni 1 + (m − 1) × r, ambapo m ni idadi ya watu kwa darasa na r ni kiasi cha kufanana kwao. Darasa la watu 30 na r ya 0.05 vinatoa 2.45, kwa hiyo 385 inakuwa 944. Ndiyo, inauma. Bora iume kwenye pendekezo.

Dodoso Refu

Nimdandie mkuu hapo juu. Kabla ya kujaribisha dodoso kwa watu 30, kaa na watu watano au wanane, mmoja mmoja. Msomee swali, kisha mwambie alirudie kwa maneno yake kabla hajajibu. Akilirudisha jingine, swali ndilo bovu. "Je, unaridhishwa na mafunzo na vifaa?" ni maswali mawili yaliyovaa koti moja.

Ukija kukokotoa alfa ya Cronbach, kipimo cha kama maswali ya mizani moja yanakwenda pamoja, na ikatoka ndogo ajabu, au hasi, angalia kwanza sentensi zilizoandikwa kwa kukanusha. Kwenye mizani ya 1 hadi 5, jibu jipya ni 6 toa jibu la zamani. Na alfa ya 0.95 isikufurahishe haraka: huenda umeuliza jambo moja mara kumi.

Msikilizaji

Huku kwetu kwenye mahojiano kifungo ni kunukuu sauti mwenyewe, yaani kuandika neno kwa neno yaliyorekodiwa. Saa moja ya rekodi inakula saa nne hadi sita, zaidi kama wanaongea kwa kupokezana. Nukuu mahojiano mawili ya kwanza kabla hujaenda kwenye la tatu. Kisha hesabu: umemkatiza mara ngapi? Maswali mangapi yalijibika kwa ndiyo au hapana? Ulinyamaza angalau sekunde tatu baada ya jibu? Anayempa mtu mwingine kazi ya kunukuu tangu siku ya kwanza atayarudia makosa hayo kwa washiriki wote 20, na hawarudiki.

Kuhusu wanaosema "watu 12 wa kuhoji wanatosha": namba hiyo ilitoka kwenye makala ya Guest na wenzake ya 2006, kwa kundi la watu waliokuwa wanafanana na waliulizwa maswali yaleyale. Ukichanganya wakulima, maafisa na wafanyabiashara, hiyo 12 haikuhusu.

Karani wa Nyaraka

Kibali cha maadili hakirudishwi tarehe nyuma. Data zilizokusanywa kabla yake hazitumiki, hata zikiwa nzuri vipi.

Mwanzisha mada

Mmenishibisha. Na mkasi anapewa lini?

Fundi Takwimu

Akishajenga majedwali ya wengine mawili au matatu. Hapo mpe kazi ya majedwali matupu: kabla ya dodoso, achore kila jedwali litakalokaa kwenye sura ya matokeo, likiwa na kichwa, safu na mistari, namba tu ndizo hazimo. Chini ya kila moja aandike ni swali gani la utafiti linajibiwa, na namba ikitoka kinyume na alivyotarajia atasema nini.

Kisha alinganishe pande mbili. Swali la dodoso lisiloingia jedwali lolote lifutwe. Jedwali lisilo na swali la kulilisha, dodoso liongezwe swali. Swali la utafiti lisilo na jedwali hata moja ndilo la kupeleka kwa msimamizi. Alitume siku tatu kabla ya kikao, kurasa zisizidi mbili, aulize "nalipima hivi au vile?" badala ya "naomba maoni". Kikao kikiisha, kesho yake amtumie mistari mitano ya walichokubaliana.